Zukini si Embe: Tuliyojifunza katika Achari ya Nyumbani

Mtu aliyekulia kwenye nyumba ya achari ya embe na ya ndimu huona achari zote ni moja. Anakata, anatia chumvi na manjano, anaanika, anachanganya na pilipili na bizari, anafunga chupa. Njia hiyo tumeikuta kwa wakubwa zetu, Unguja na Pemba, na kwa embe haina kosa lolote. Ukiipeleka vilevile kwenye zukini, ile mboga ya jamii ya maboga inayofanana na tango, siku ya tatu au ya nne utaona vipovu vinapanda pembeni mwa chupa, siku ya sita vipande vinateleza kama bamia, na ukifungua kifuniko harufu inakupokea kabla hujainama. Embe bichi na ndimu huja jikoni na ukali wao. Zukini inakuja na maji tu.

Ukali wa chakula hupimwa kwa pH, na hapo namba ikishuka ndipo ukali unapanda. Maji ya ndimu huwa kati ya 2 na 3, embe bichi kwenye 3 hadi 4, lakini zukini na mumunye zinakaa karibu na 6. Mpaka wa kukumbuka ni 4.6. Juu ya hapo, ndani ya chupa iliyofungwa isiyo na hewa, bakteria aitwaye Clostridium botulinum anaweza kuamka na kutoa sumu ambayo mara nyingi huioni, huinusi, wala ulimi hauijui. Kwa hiyo kazi yote ya achari ya zukini ni mbili: kuyatoa maji, kisha kuingiza ukali kutoka nje. Karibu kila chupa iliyoharibika mikononi mwetu iliharibika kwa sababu moja kati ya hizo ilifanywa nusu.

Tuanze sokoni. Zukini za visiwani hulimwa kwa kutazama hoteli, na hoteli nyingi hufunga au hupunguza wageni katika masika, mwezi wa Aprili na Mei. Wakati huo mkulima anabaki na mzigo, na zukini zinashuka masoko ya Mwanakwerekwe na Darajani, Unguja, kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaweza kununua kilo tano bila kufikiri mara mbili. Ndio wakati mzuri wa achari za siki. Za kuanika, masika yatakutoa machozi, na tutalifikia hilo.

Chagua zenye urefu wa sentimita 15 hadi 20, zilizo nzito mkononi, ngozi inayong'aa. Zukini huchumwa siku 4 hadi 7 tangu ua kufunguka, na ikipitwa hata kwa siku tatu inakuwa rungu: katikati sifongo, mbegu zina ganda, ngozi ngumu. Bonyeza kwa ukucha. Ukucha ukizama bila kusukumwa, hiyo ni changa. Mumunye letu linafaa pia, lakini limenye lote, lipasue katikati, ukwangue utumbo na mbegu kwa kijiko mpaka ubaki na nyama nyeupe ngumu peke yake, halafu ndipo upime uzito. Watu hupima mumunye zima, wakatoa utumbo, wakabaki na nusu ya mboga kwenye chumvi ya kilo nzima.

Kabla ya yote, kata kipande chembamba cha kila tunda ukionje kibichi. Zukini nzuri ina utamu hafifu au haina ladha. Ikiwa chungu, chungu kweli cha kukunja uso, itupe hiyo na uoshe kisu. Uchungu huo ni kukurubitasini, sumu ya asili ya jamii ya maboga, na moto hauiondoi wala siki haiifichi. Inaleta kutapika na kuharisha vibaya. Hutokea zaidi kwa mbegu zilizohifadhiwa nyumbani baada ya zukini kuchanganyika na maboga mengine shambani, basi anayenunua kwa jirani aonje kwa makini zaidi.

Halafu kuna upande wa ua, yaani ncha iliyo mbali na kikonyo. Kata milimita 3 za ncha hiyo uzitupe. Hapo ndipo vimeng'enya vinavyolainisha nyama vinapokusanyika, na vikiingia chupani vinaendelea na kazi yao polepole. Jambo hili ni dogo, watu hulipuuza, kisha wanalaumu siki.

Siki yenyewe inastahili maneno mengi. Geuza chupa usome ukali wake. Unayoitaka imeandikwa asilimia 5. Dukani ziko za asilimia 4, na ziko zisizoandikwa chochote. Fanya hesabu hii mara moja nawe hutasahau. Nusu lita ya siki ya asilimia 5 ina gramu 25 za asidi. Kilo ya zukini, hata baada ya kutolewa maji kwa chumvi, pamoja na vitunguu vyake, bado ina maji kama gramu 800. Siki na mboga zikishaelewana chupani, gramu 25 zile zimegawanyika katika gramu 1,300 za majimaji, na ukali umebaki chini kidogo ya asilimia 2. Ongeza kikombe kimoja cha maji kwa kuona siki ni kali mno, umeshuka hadi asilimia 1.6. Tumia siki ya asilimia 4, unaanza na gramu 20 badala ya 25. Ndiyo maana siki ya asilimia 4 au isiyojulikana ukali tunaiweka kwa achari ya friji inayoliwa ndani ya wiki mbili au tatu, haiingii kwenye chupa ya kabatini. Siki ya mnazi ya nyumbani tunaipenda kwa harufu yake, lakini hakuna aliyeipima, nayo nafasi yake ni kachumbari.

Ukiona achari ni kali, ongeza sukari. Usiongeze maji. Na usibadilishe siki kwa ndimu kijiko kwa kijiko. Ndimu za mti mmoja hazilingani na za mti wa pili, na za mvua hazilingani na za jua. Kamua ndimu mbili juu ya siki iliyokwisha timia kipimo, kwa ajili ya harufu. Hapo haikosei.

Chumvi nayo tuipime kwa mizani. Kijiko cha chakula cha chumvi laini ni kama gramu 18, cha chumvi ya mawe kinaweza kuwa pungufu kwa sababu punje zinaacha nafasi. Chumvi ya mawe inayotoka kwenye mashamba ya chumvi ya Pemba ni nzuri sana kwa kazi hii ila huja na mchanga na vitakataka, basi iyeyushe, iache itulie, uichuje. Ile ya pakiti yenye dawa ya kuzuia kugandamana huitia siki tope jeupe. Haidhuru afya, inaharibu sura. Maji ya kisima pia yana neno lake. Visiwa hivi vimekaa juu ya mawe ya chokaa, na maji yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika yanapunguza ukali kidogo na kutia tope. Ya kusuuzia hayana shida. Ya kulowekea achari ya chumvi, yachemshe, yaache yatulie usiku, umimine ya juu.

Sasa achari ya vipande, ile tunayoitengeneza mara nyingi. Chukua zukini kilo 1 iliyokwisha katwa ncha, kitunguu maji robo kilo, chumvi gramu 60. Kata zukini vipande vya mviringo vya milimita 5. Chini ya hapo vinageuka vitambaa, juu ya hapo siki inachelewa kufika katikati. Vitunguu vikate pete nyembamba. Changanya na chumvi kwa mikono kwenye bakuli la kioo au la plastiki ya chakula, funika kwa kitambaa, acha saa 2 mahali pa baridi. Huna haja ya saa kujua kama imekuwa tayari. Chukua kipande kimoja ukikunje kati ya vidole viwili. Kikivunjika, chumvi haijafanya kazi. Kikikunjika mpaka ncha zikutane bila kupasuka, na chini ya bakuli kuna maji ya kijani hafifu yanayofika nusu ya kidole, basi mwaga maji yale, suuza mara mbili kwa maji baridi, weka kwenye chujio robo saa mpaka yaache kudondoka. Anayeruka kusuuza atakula chumvi, na anayesuuza mara tano atakuwa ameirudishia zukini maji aliyotoka kuyaondoa.

Katika sufuria ya stili tia siki nusu lita, sukari gramu 200, haradali nzima vijiko viwili vya chakula, manjano ya unga kijiko kimoja cha chai, uzile (bizari nyembamba) kijiko kimoja cha chai. Sufuria ya alumini hapana. Siki inaila, achari inapata ladha ya bati, na ndani ya sufuria unabaki na madoa ya kijivu ambayo hayatoki. Chemsha mpaka sukari iyeyuke, tia zukini na vitunguu, zikirudi kuchemka punguza moto, dakika 5, basi. Rangi itakuambia: nyama nyeupe inaanza kupitisha mwanga na ukingo wa ngozi unageuka kijani cha zeituni. Ukingoja zaidi ili ziive, umekwisha zipoteza, kwa sababu bado zitapata moto mwingine chupani. Utapata chupa tatu hadi nne za nusu lita.

Chupa ndio mahali ambapo watu wengi hukwama, kwa sababu chupa zenye vifuniko maalumu vya kuhifadhia si rahisi kupatikana huku. Tunatumia za jemu. Kioo kinafaa kikiwa hakina ufa wala mdomo uliochunika, pitisha kidole pole uhakikishe. Kifuniko ndicho tatizo. Kile kimpira chembamba cha ndani kimeshafinywa mara moja kiwandani, na mara ya pili hakiaminiki. Nunua vifuniko vipya vya kipimo kilekile kwa wauza vifungashio. Ukikosa, tumia cha zamani lakini chupa hiyo iende friji tangu siku ya kwanza. Kifuniko kilichochunika rangi ndani hakifai kabisa kwa siki, kitakula kutu na kutu itadondokea achari.

Osha chupa kwa sabuni, ziweke ndani ya maji ya moto ziendelee kuwa za moto. Achari ya moto kwenye chupa ya baridi ni kioo kupasuka. Jaza vipande kwanza, mimina siki yake juu mpaka ivifunike, uache sentimita 1.25 kutoka mdomoni, karibu upana wa kidole. Shusha kijiti cha mshikaki pembeni mwa kioo ukizungusha taratibu, utaona mapovu ya hewa yaliyojificha chini ya vipande yakipanda moja moja. Jazia tena. Siki ikipungua, chemsha nyingine na sukari kwa kipimo kilekile. Birika la maji ya moto liko karibu, mkono utataka kulifikia, usiliguse. Futa mdomo wa chupa kwa kitambaa kisafi chenye siki, kwa sababu punje moja ya haradali iliyokaa ukingoni inatosha kuzuia kifuniko kushika. Funga kwa nguvu ya vidole, si ya bega.

Tandika kitambaa chini ya sufuria kubwa, panga chupa zisigusane, tia maji ya moto yapite vifuniko kwa sentimita 2.5. Anza kuhesabu dakika 10 maji yanapochemka kweli, yale ya kutupa matone, si yanapoanza kuimba. Sisi tuko usawa wa bahari, maji yetu huchemka kwenye nyuzi 100, hivyo dakika 10 zinatosha. Ndugu aliyeko Lushoto au Mbeya aongeze dakika, kwani huko maji huchemka kabla ya kufika nyuzi hizo. Toa chupa ukiziweka wima juu ya kitambaa, mbali na upepo wa feni, uziache siku nzima. Zikipoa, katikati ya kifuniko panazama. Bonyeza. Kikibonyea na kurudi kwa mlio, hakijashika, hiyo ni ya friji.

Achari ya vipande usiifungue kabla ya wiki 2. Siku ya kwanza siki iko nje na zukini iko ndani, kila mmoja kivyake. Kabatini penye giza inakaa mwaka bila kuharibika, ila kwa joto letu rangi na ugumu hushuka, na baada ya miezi 6 hatuoni sababu ya kuendelea kuitunza.

Zile zukini kubwa zilizokwisha kuwa rungu, ukizitoa mbegu, ndizo bora kwa chatini ya kupika. Zikwangue kwa kikwangulio cha karoti, upande wa matundu makubwa. Kilo 1 iliyokwanguliwa, vitunguu gramu 300 vilivyokatwa vidogo sana, pilipili boga nyekundu moja, pilipili mbuzi mbili, chumvi gramu 50. Acha saa 3, au usiku kucha ndani ya friji. Usiache usiku kucha mezani kwa joto la kaskazi, asubuhi utakuta imeanza kuchachuka. Kisha suuza mara moja na ukamue ndani ya kitambaa cheupe kama unavyokamua tui, kwa kupotosha kitambaa mpaka kisitoe tena ila tone kwa tone. Theluthi ya uzito au zaidi itaondoka, na ukiifungua utaona donge kavu linalosimama lenyewe. Hapo ndipo chatini nzito inapopatikana. Anayekamua kwa huruma atakaa jikoni saa nzima akisubiri maji yakauke, na sukari itaungua kabla.

Tia siki nusu lita, sukari gramu 300, haradali kijiko kimoja cha chakula, manjano kijiko kimoja cha chai, tangawizi iliyotwangwa kijiko kimoja cha chakula, pilipili manga nusu kijiko cha chai. Pika kwa moto mdogo dakika 25 hadi 30, ukikoroga chini kila mara katika dakika kumi za mwisho. Pitisha mwiko katikati ya sufuria mpaka chini. Njia ikifumba papo hapo, bado. Ikibaki wazi kwa hesabu ya mbili au tatu, ukaona chini ya sufuria panang'aa, kisha kingo zikasogeleana polepole, zima. Ikipoa itaongezeka uzito, kwa hiyo usingoje ifanane na jemu ingali motoni. Jaza na uchemshe chupa kama zile za vipande, dakika 10. Usitie konflawa wala unga wa ngano ili kuiongezea uzito: uji wa unga unazuia moto kufika katikati ya chupa, na ukitoka hapo umejenga nyumba kwa kile tunachokikimbia. Chatini hii kwa samaki wa kukaanga na muhogo wa kuchemsha haina mpinzani, hilo tunalisema kwa moyo wote.

Wapo wasioona achari bila mafuta. Inawezekana, kwa masharti. Kata zukini kilo 1 vijiti vya urefu wa kidole, unene wa sentimita 1, bila ule utumbo wa katikati. Chumvi gramu 40, manjano kijiko cha chai, saa 3, chuja bila kusuuza. Anika juu ya ungo, chini ya kitambaa cha shashi, kwenye jua kali saa 5 hadi 6, ukigeuza kila saa, mpaka zibaki kama gramu 400 na ziwe na mguso wa ngozi. Januari na Februari, au ule ukavu wa kipupwe, siku moja inatosha. Katika masika usijaribu: unyevu wa hewa unarudisha maji kila wingu linapopita, na jioni vijiti vina utando unaonata. Zikishakauka, zichemshe dakika 3 katika siki mililita 200 ya asilimia 5, ziache ndani ya siki hiyo zipoe. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wanaofuata kanuni ya embe, na ndiyo inayoziokoa. Mafuta hayahifadhi kitu. Yanachofanya ni kuziba hewa, na mboga isiyo na ukali ikizibwa hewa ndiyo hali ileile anayoitaka yule bakteria. Thomu mbichi ndani ya mafuta ina hatari hiyohiyo, basi nayo ipite kwenye siki pamoja na zukini.

Pasha mafuta mililita 120, tia haradali kijiko kimoja cha chakula, ifunike maana inaruka. Mlio ukipungua toa motoni, ndipo utie uwatu nusu kijiko cha chai na pilipili ya unga. Uwatu ukikaa kwenye mafuta ya moto mpaka uwe kahawia iliyoiva umekuwa uchungu, na uchungu huo hautoki, anza mafuta mengine. Yakipoa changanya na zukini na siki yake. Hii ni ya friji, wiki 3, chupa ndogo ndogo.

Katika viungo, karafuu ndiyo inayotuponza. Ni zetu, ziko kwenye kopo kila nyumba ya Pemba, na mkono unakuwa mwepesi. Karafuu nne kwa lita ya siki zinatosha kabisa, na ukivunja vile vichwa vya duara ukatumia vijiti peke yake, siki haitageuka kahawia. Kipande cha mdalasini cha urefu wa kidole, kitoe kabla ya kujaza chupa. Thomu nayo ina tabia ya kugeuka buluu au kijani ndani ya siki, hasa ikiwa changa. Watu hushtuka na kumwaga chupa nzima. Ni kemia ya thomu na asidi tu, iliwe.

Chokaa inatajwa sana kama siri ya kufanya vipande vigumu, na kweli ipo chokaa maalumu ya chakula inayotumika hivyo ughaibuni. Ile ya tambuu au ya kupakia ukuta siyo hiyo. Na hata iliyo ya chakula, isiposafishwa kwa kulowekwa na kusuuzwa mara kadhaa inaua asidi ya siki, yaani inarudisha pH juu kule tulikotoka. Ukitaka ugumu, tumia zukini changa iliyochumwa asubuhi hiyo, kata upande wa ua, na iloweke nusu saa ndani ya maji ya barafu kabla ya kuitia chumvi. Tofauti utaisikia menoni.

Mwenye shaka na chupa zake anunue karatasi za kupimia pH. Usipime siku hiyohiyo, siki itakuwa kali na kipande bado. Subiri siku 2, saga vipande pamoja na siki yake, chovya karatasi. Tunataka 4 au chini, kwa sababu karatasi hizo hazipimi kwa usahihi wa nukta moja na ni vyema kukaa mbali na 4.6. Manjano yanapaka karatasi rangi na kukuchanganya, kwa hiyo tenga chupa ndogo moja isiyo na manjano kwa ajili ya kipimo.

Chupa iliyovimba kifuniko, inayotoa povu ikifunguliwa, yenye utelezi, au ambayo siki yake iliyokuwa safi imekuwa tope bila sababu ya chumvi, usiionje hata kwa ncha ya ulimi. Ifunge ndani ya mifuko miwili uitupe mahali ambapo watoto, kuku na paka hawafiki. Ukungu juu ya chatini hautolewi kwa kijiko: kuvu hula asidi, na chini yake ukali umeshapungua. Lakini vipande vilivyosinyaa kama zabibu ni sukari au siki iliyozidi nguvu kwa ghafla, hilo si ugonjwa. Na vipande vinavyoelea juu ni hewa iliyobaki ndani au chupa isiyopangwa vizuri, vibonyeze chini ya siki ukifungua.

Chupa ikishafunguliwa iende friji, itumike ndani ya mwezi, na kijiko chake kiwe kikavu na cha peke yake. Kijiko kilichotoka kwenye biriani kikarudi kwenye achari kimeingiza mafuta, wali na maji kwa mara moja. Hilo hutokea zaidi wakati wa futari, mikono mingi na chupa moja, basi toa kiasi kwenye kibakuli na chupa irudi ndani. Siki inayobaki chini vipande vikiisha usiitumie kutengenezea achari nyingine, ukali wake umeshaliwa na zukini ya kwanza. Iloweke samaki nusu saa kabla ya kumchoma, pamoja na haradali zake zote.